Isale Halibebi Ombi

Jumatano, tarehe 1 Mei 2024

Daftari hili kanipa Aikande. Gamba lina picha ya twiga. Kasema: Mama, jana umenipigia simu mara kumi na moja, mara ya tisa nilikuwa nimesimama mbele ya mwalimu. Wasiwasi ukikushika usishike simu, shika kalamu. Na uanze na la kushukuru.

Haya. Nashukuru mvua imekatika tangu saa nane. Nashukuru mbuzi kazaa wawili na wote wamesimama. Nashukuru nilifika darasa la nne, nikajua kuandika kabla baba hajasema inatosha, rudi nyumbani ulee mdogo wako.

Sasa la wasiwasi. Mwanangu anagombea urais! Siyo wa nchi — wa wanafunzi, pale chuoni kwao Moshi. Lakini wanaita Rais hivyo hivyo. Wana mawaziri, wana katiba. Wagombea ni wawili tu, yeye na kijana wa Marangu anaitwa Jovin. Msichana hajawahi kugombea kiti hicho pale kwao. Nikamuuliza, kwani hakuna cheo kingine? Makamu je? Akacheka. Mama, umakamu nilikuwa nao mwaka jana. Kazi nilifanya mimi, kwenye picha akakaa Rais.

Nikaenda kumwambia baba yake kwenye migomba. Sirili si mtu wa maneno. Alikata majani makavu matatu, manne. Halafu akasema: Rais atatoka hapa kwetu Kirua. Akaendelea kukata.

Ijumaa, tarehe 3 Mei

Nashukuru tumeamka wazima. Loveness kakohoa usiku lakini asubuhi kaomba uji mara mbili.

Loveness ni mjukuu wangu, mtoto wa Aikande. Ana miaka minne. Naandika kama vile kuna mtu hamjui! Baba yake alikuwa kijana wa Arusha, akaenda kutafuta kazi, bado anatafuta. Aikande alijifungua mwaka ule ule aliomaliza kidato cha sita. Nililia wiki mbili. Wiki ya tatu mtoto akacheka, nikaacha kulia.

Majina yamebandikwa ubaoni chuoni. Aikande kanifundisha neno: pingamizi. Mtu yeyote anaweza kuandika barua kusema mgombea fulani hafai, kwa sababu hii na hii. Mwisho Jumanne. Nikamuuliza atakayekupinga ni nani, na kwa lipi? Hujawahi hata kuiba sukari. Kasema: lala, Mama.

Sijalala.

Jumamosi, tarehe 4 Mei

Leo ilikuwa siku ya kuwatambulisha wagombea. Sikualikwa. Lakini mama anaalikwa na nani? Niliamka saa kumi nikapika kiburu, ndizi na maharage yamelainika vizuri, nikajaza hotpoti. Nikamvalisha Loveness soksi nyeupe. Tukashuka.

Nashukuru tulipata kiti cha nyuma karibu na mlango.

Yule Jovin ni kijana mzuri, siwezi kusema uongo. Mrefu, ana adabu, alianza na kuwashukuru wazazi. Wanafunzi wakamuuliza: maji ya bwenini utayafanyaje? Maktaba ikifungwa saa kumi na mbili tukasome wapi? Akajibu. Mengine hakuyajua, akasema nitalifuatilia, wakampigia makofi.

Akaja wangu. Nikakaza mikono. Wakamuuliza: dada, mbona una sauti ndogo, wakubwa watakusikia? Mwingine: ukiolewa katikati ya muhula, tukufuate kwa shemeji na matatizo yetu? Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka! Mungu anisamehe, lilinichekesha. Halafu nikamwona Aikande. Alikuwa anatabasamu kwa mdomo tu. Msichana mmoja akasimama, nikasema afadhali, mwenzake huyu. Akauliza: kupika unajua, au unajua siasa tu? Karatasi yake ya mambo ya maji ya bwenini aliishika mkononi mpaka mwisho. Na ameyaandika yote, mpaka kwa fundi wa pampu alikwenda kuuliza. Hakuna aliyeuliza.

Mpaka hapo mambo yalikuwa bado mazuri. Nikamwachia Loveness mkono ili niinue hotpoti. Ni hilo tu nililofanya. Akachomoka. Akapita katikati ya viti vyote, akapanda jukwaani, na kipaza sauti kiko pale pale: "Mama! Bibi kaleta kiburu!"

Ukumbi ukanyamaza kama kanisani wakati wa kuinua ekaristi.

Aikande akamwinua, akamweka kiunoni, akaendelea kusema. Hakuyumba. Lakini nilisikia kijana mbele yangu akimwambia mwenzake: kumbe ana mtoto! Akaandika kwenye simu.

Nilirudi na hotpoti imejaa.

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Nashukuru Aikande kapiga yeye mwenyewe, sikumpigia.

Kwenye grupu lao la simu hawazungumzi maji wala maktaba. Wanazungumza Loveness. Wengine wanasema alimficha. Nikasema nisamehe mwanangu, ni mimi niliyemleta. Akasema: Mama, sikumficha. Hakuna aliyeniuliza. Picha yake iko ukutani kwangu bwenini miaka miwili.

Nikamuuliza umekula. Kasema amekula. Hajala, najua sauti yake.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Pingamizi limekuja. Aikande kanisomea barua kwenye simu, nikamwambia rudia polepole niandike. Inasema: mgombea ni mzazi asiye na ndoa, kwa hiyo hatoi mfano mwema kwa wanafunzi wa kike, na majukumu ya malezi yatamzuia kutimiza kazi za urais. Imetoka upande wa Jovin, na sahihi ya Jovin iko chini.

Kamati itasikiliza Jumanne ijayo, tarehe 14. Ikikubali, jina la Aikande linafutwa, na Jovin anapita bila kupingwa.

Malezi yatamzuia! Mimi ninayemlea niko hapa nakoroga uji!

Nimetafuta la kushukuru. Kuku katotoa. Basi.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Mwezi wa Mama Maria, kila jioni jumuiya yetu tunasali rozari nyumba kwa nyumba. Leo zamu ilikuwa kwa rafiki yangu Flavia. Mathew, mwenyekiti wetu, akauliza nia za sala. Nikasema mwanangu Aikande, anapingwa kwenye urais kwa sababu ya mtoto.

Bibi mmoja akasema, na yeye, urais na kunyonyesha wapi na wapi. Flavia akamjibu papo hapo: "Bibi, mtoto wa miaka minne ananyonya nini, kikombe?" Tukacheka mpaka Mathew akagonga meza. Mwingine akasema, lakini nchi si inaongozwa na mwanamke? Bibi akasema huyo ni mtu mzima, watoto wake wamekua. Mathew akaanzisha fumbo la kwanza. Kumbe hata huko juu kabisa hesabu ya watoto inapigwa.

Wakati wa fumbo la pili nilipata wazo. Bibi yangu mzaa baba alisema hakuna mtu anayerudisha isale, lile jani la mpakani mwa mashamba. Ukipeleka jani la isale kwa mtu, hata kama alikuwa ameshika panga, analiweka chini. Mama wa Jovin ni mtu wa Marangu, ni Mchagga, atanielewa. Simwambii Sirili, atasema subiri. Simwambii Aikande.

Nashukuru kwa wazo.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Nimechoka lakini nina furaha, naandika kabla haijanitoka.

Asubuhi Sirili alipokwenda kwenye kahawa nikakata isale pale mpakani mwa kihamba chetu, hili shamba la ukoo, na cha jirani. Jani pana, bichi, halina doa. Nikalifunga fundo kama bibi alivyofunga. Nikaliweka ndani ya kanga. Loveness nikamwacha kwa Flavia.

Marangu kuna tope kuliko kwetu. Niliuliza kwa mama Jovin mara nne. Nikamkuta uani anamenya ndizi za mtori. Anaitwa Justina, tunalingana umri, mwili mkubwa, macho ya upole. Tukasalimiana, Tumsifu Yesu Kristo. Nikasema mimi ni mama yake Aikande wa chuoni. Kisu kikasimama. Kisha nikatoa jani.

Aliinuka! Mama mzima na magoti yake. Akajifuta utomvu wa ndizi kwenye kanga, akalipokea kwa mikono miwili. Halafu akaniangalia. "Lakini dada yangu, umenikosea nini?"

Nikasema sijakukosea, nimekuja kwa ajili ya watoto. Wasimalizane. Mwambie kijana wako aondoe barua, wapigiwe kura wote, atakayeshinda ashinde. Akasema barua gani? Hakujua! Nikamwambia maneno yote kama nilivyoyaandika humu. Mfano mwema. Malezi. Alikaa chini akamenya ndizi tatu.

Mtori wake ni mzuri, ila mimi naweka maziwa kidogo zaidi. Tulikula. Na tulipofika chini ya bakuli akasema: mimi pia nina mjukuu. Wa huyo huyo Jovin. Yuko Bomang'ombe kwa bibi yake mwingine, anaingia mwaka wa pili. Nimemwona mara mbili. Ana masikio ya Jovin, yametoka hivi. Kila Jumapili namwombea na jina lake silitamki, baba yao asisikie.

Nikaacha kijiko.

Akasema: "Hakuna anayemuuliza Jovin nani analea. Hata mimi sikumuuliza." Halafu akanishika kifundo cha mkono: "Hili dada, libaki hapa kwenye bakuli."

Nikasema limebaki.

Kasema Jovin anakuja nyumbani Jumamosi, ataongea naye. Kanipa mkungu mdogo wa ndizi za kuiva. Nashukuru kwa Justina! Nashukuru kwa mtori, kwa njia, kwa bodaboda aliyeniambia shikamoo mama shika vizuri. Watu ni wazuri ukienda kwao.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Sirili kaniuliza wakati wa chai. Pale mpakani isale moja limekatwa, na aliyekata amechagua. Nani?

Nikasema mimi. Nikamwambia nilikolipeleka. Siri ya bakuli sikumwambia.

Kaweka kikombe chini taratibu sana. "Kosa gani tumefanya?"

Nikasema hakuna kosa, Baba Aika, nilikwenda kuomba aondoe barua.

Akasema: "Isale halibebi ombi, Mama Aika. Isale linabeba kosa. Ukilipeleka, umesema: nimekosa."

Hapo ndipo nilipokumbuka swali la Justina. Umenikosea nini? Aliniuliza usoni kabisa! Bibi yangu aliniambia nusu tu, au mimi nilisikia nusu niliyoitaka.

Sirili hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikwenda mpakani akasimama pale muda mrefu, akiangalia kile kikonyo kilichokatwa. Kurudi akasema labda hakuna atakayejua. Nashukuru kwa hilo neno "labda".

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Wamejua.

Jovin alifika kwao asubuhi, akaliona jani juu ya meza, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Akalipiga picha. Jioni liko kwenye grupu la chuo zima. Flavia kanionyesha kwenye simu yake, mwanawe anasoma pale. Jani langu, fundo langu. Chini wameandika: MAMA WA MGOMBEA AKIRI KOSA KWA MILA, APELEKA ISALE MARANGU.

Watu wamecheka humo ndani, vikatuni vya machozi ya kicheko, vingi. Mmoja kauliza: Rais akikosea, mama yake atakata isale Ikulu?

Aikande kapiga. "Mama. Ulienda Marangu?" Nikasema nilikwenda. "Haya." Akakata.

Halafu Justina naye. Analia. Dada sikumpa, nilikuwa nje nakamua ng'ombe. Nilipoingia nikamwambia isale la mama Aikande nimepokea mimi, hili jambo limeisha, kaondoe barua. Kasema Mama hujui siasa. Kaondoka hata chai hakunywa.

Nilifungua mdomo nimwambie: basi mimi nina dawa yake! Nina neno moja tu la Bomang'ombe, nikilitamka huyo kijana wako kwisha! Nikaufunga. Alikuwa bado analia. Nikamwambia pole dada, kunywa maji.

Kushukuru leo kumenishinda. Mama Maria utanisamehe.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Aikande kaja nyumbani! Sikutegemea. Kaingia, kavua viatu vya tope, kamnyanyua Loveness, kala ugali na mboga. Baba yake kamchinjia jogoo kimya kimya, kama mgeni.

Mchana akakaa kwenye kigoda mbele yangu, kama zamani. Suka, Mama. Nikamsuka. Usoni hanioni, mimi namwona kisogo tu, na hapo ndipo aliposema.

"Uliomba msamaha wa nini? Wa Loveness?"

Chanuo likaniponyoka. Nikasema hapana! Hapana mwanangu! Nikasema nilidhani isale ni la kuomba tu, nilitaka wakuache. Nikasema kama kuna kitu sitaki kusamehewa duniani ni huyo mtoto. Nikalia. Naye akalia kidogo. Loveness akatuletea kanga yake ya mwanasesere tujifute, inanuka mbuzi.

Tulipotulia nikamuuliza kwa kuzunguka. Tuseme — tuseme tu — ungejua jambo la Jovin linalofanana na la kwako. Ungelisema?

Akageuka, na nywele nusu hazijasukwa. "Mama, unajua nini?"

Nikasema nauliza tu.

Naandika alivyosema, nilirudia moyoni nisisahau. Kasema: "Mtoto si jiwe la kumrushia mtu. Nikimrusha wa kwake, nimewapa ruhusa wamrushe wa kwangu. Mimi sikasiriki kwamba wameniuliza nani analea. Ni swali. Jibu ninalo. Nakasirika kwamba wameniuliza mimi peke yangu. Kama ni swali watuulize wote. Kama si swali wasiulize mtu."

Halafu akasema: malizia upande huu, nina kikao saa kumi na moja.

Kaondoka na ndizi za Justina. Sikumwambia zimetoka wapi. Nashukuru kaja. Nashukuru kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu saa mbili nzima. Hajanipa saa mbili tangu aende chuo.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Madam Violet, mlezi wa wanafunzi, kapiga simu. Sauti ya heshima. Shikamoo mama. Kamati inaomba kesho saa nne nifike nieleze lile jani maana yake ni nini. Siyo lazima, kasema. Lakini usipokuja watabaki na picha tu.

Nitakwenda.

Kuna jambo linanikereketa tangu jana, niliandike litoke. Miaka miwili iliyopita tulichagua mwenyekiti wa jumuiya. Flavia alipendekezwa. Na aliyenyoosha mkono nani? Mimi. Nikasema: Flavia ni mama mzuri lakini ana watoto wanne wadogo, ataweza? Watu wakaitikia, kweli, kweli. Tukamchagua Mathew. Mathew ana watoto watano! Wa mwisho alikuwa bado anatambaa! Hakuna aliyeuliza. Mimi niliyeuliza lile swali la kwanza, la pili halikunijia hata kichwani. Na nilidhani namhurumia Flavia!

Nikaenda kwake jioni kabla ya rozari, nikamwambia yote. Alikuwa anapepeta maharage. Alipepeta mpaka nikamaliza. Akasema: nilikusikia siku ile. Nilikwenda nyumbani nikajiuliza, kweli nitaweza? Nikasema labda mama Aika kaona kitu mimi sikioni.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema nisamehe.

Akasema: "Nimesamehe zamani. Ila usiniletee isale, utayamaliza yote mpakani kwenu!" Tukacheka mpaka maharage yakamwagika.

Hapo ndipo nilipojua kesho nitawaambia nini. Au nadhani najua. Nikifika pale mbele ya watu wenye miwani naweza kusahau hata jina langu. Na lile la bakuli je? Wakinibana? Kama wanataka kumfuta mwanangu na mimi nimeshika neno linaloweza kumwokoa, mama gani anakaa na neno mdomoni? Lakini niliahidi. Na yule binti wa Bomang'ombe aliyezaa na Jovin, ana mama yake na yeye.

Nashukuru kwa Flavia. Nashukuru sana kwa Flavia.

Jumanne, tarehe 14 Mei

Saa nne kasoro. Niko kwenye benchi nje ya ukumbi wa kamati. Nimekuja na daftari kwenye mfuko wa sukari. Sirili alitaka kuja, nikamwambia baki na Loveness, nikishindwa nataka kukuta mtu hajashindwa. Kanikatia isale jingine. Nikasema la nini tena? Kasema la kushika tu. Liko humu mfukoni.

Aikande na Jovin wako ndani wote wawili. Dirisha halijafungwa vizuri. Nasikia.

Mwanaume mmoja anauliza Aikande, mtoto akiugua siku ya kikao cha baraza utafanyaje? Aikande: mama yangu atampeleka hospitali, na mimi nitamaliza kikao, nitakwenda. Kama akina baba wengi wanavyofanya. Wamecheka kidogo. Siyo vibaya.

Mwingine: huoni wasichana wadogo watasema kumbe inawezekana kuzaa kabla ya ndoa na bado ukawa Rais? Aikande: nitafurahi wakisema inawezekana kuzaa na bado ukasoma.

Ee Mungu, asante kwa mdomo wa huyu mtoto. Hajautoa kwangu.

Sasa sauti ya Madam Violet. Anamuuliza Jovin: na wewe, mgombea, tukikuuliza maswali haya haya? Kuna anayesema Madam, aliyepingwa si Jovin, turudi kwenye hoja. Wamerudi kwenye hoja.

Hawajamuuliza. Lilikuwa pale mlangoni, swali, limegeuka.

Nimelishika lile jani ndani ya mfuko. Nalihisi. Neno liko mdomoni kama kokwa.

—

Justina kaja! Nimeinua macho nikamwona anapanda ngazi, anatweta, viatu vya kanisani vyenye tope la Marangu. Kakaa hapa karibu yangu, benchi limelia. Nimemuuliza na wewe wamekuita? Kasema hakuna aliyeniita.

Kafungua pochi. Isale langu. Limeanza kukauka pembeni lakini fundo liko vile vile. Kasema: "Nililipokea mimi. Kwa mikono miwili. Jovin hakulipokea, alilipiga picha." Nikasema lakini dada nilikosea, halikuwa la kuomba, Sirili kanieleza. Kasema: "Najua. Nilijua tangu uani kwangu. Nilijua unaniomba msamaha na hukuwa na kosa. Nikalipokea hivyo hivyo. Wiki nzima nimeliangalia pale mezani najiuliza, sasa mwenye kosa ni nani?"

Nikamwambia lile la bakuli halijatoka. Hata kwa mume wangu. Kaniangalia. Kasema: najua, ungekuwa umelitoa, leo pangekuwa na kelele. Halafu katoa picha ndogo kwenye pochi. Katoto ka kiume, kameshika kipande cha muwa. Masikio yametoka hivi.

Nikamuuliza: umeongea na baba yao? Kasema asubuhi hii. Nikasema, akasemaje? Kasema hakusema. Kanipa nauli.

Tumekaa. Naandika, yeye anasali, midomo inacheza. Nadhani safari hii anamtaja jina.

Mlango umefunguliwa. Dada wa kamati mwenye miwani, karatasi mkononi: mama wa mgombea aingie.

Tumesimama wote wawili. Naandika nimesimama.

Dada katuangalia, huyu, na huyu. Samahani mama zangu, kasema, nimemwita mmoja tu. Mama wa mgombea.

Justina kamwambia: "Ndiyo. Mgombea yupi?"

Dada hajui. Kageukia ndani kuuliza, mlango kauacha wazi. Aikande naona kisogo chake, upande wa kushoto nilimsuka kwa haraka, unaonekana. Jovin kageuza kichwa. Kamwona mama yake, na ile picha mkononi mwake. Nafunga daftari, tunaingia wote wawili.